Laki sita zimekwenda kwa mafundi, kumbe ubovu ni skrubu moja ya choki

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na uzi ni mrefu, lakini mwenye gari la kabureta (kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) ausome wote kabla hajatoa shilingi yake mfukoni.

Gari langu ni Corolla DX, KE70 ya mwaka 1982, injini 4K ya sisi 1,290, choki (kile kibati cha kuzuia hewa injini ikiwa baridi) ya kuvuta kwa waya. Aliniachia marehemu baba, na ndilo linalopeleka mboga zangu sokoni hapa Kabale, Uganda, kila siku isipokuwa Jumapili. Mnaoijua Kabale mnazijua asubuhi zake: ukungu umelala bondeni, vidole vimekufa ganzi, na saa kumi na mbili na nusu lazima niwe barabarani.

Tangu Aprili likawa haliwaki asubuhi. Unapiga stata mpaka betri inaanza kuchoka, linakohoa mara moja, kimya. Tunalisukuma mimi na wanangu wawili ambao tayari wamevaa sare za shule. Ila likishawaka na kupata moto, mchana kutwa unagusa ufunguo tu, limeshika. Nilimwambia kila fundi aliyeligusa: likiwa baridi linasumbua, likiwa moto halisumbui. Hakuna aliyeniuliza hata swali moja juu ya hilo.

Wa kwanza aliinua boneti akasema, "Bosi, plagi zimekufa." Plagi nne na ufundi, elfu themanini. Kesho yake, kusukuma kama kawaida. Nikaenda gereji nyingine, kubwa, ina ukuta na geti. Wao wakasema betri, tena na koili, ile inayozipa plagi umeme mkali. Betri laki tatu na ishirini elfu, koili elfu themanini. Nikauliza, mmepima? Fundi akaniangalia kama nimemtukana. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma kama 12.6, na ukipiga stata haitakiwi kushuka chini ya 9.6 hivi. Hicho ni kipimo cha dakika mbili, na gereji nzima yenye geti haikuwa na mita ya kupimia! Tena stata ilikuwa inazungusha injini kwa nguvu, kila aliyekuwepo aliisikia. Betri ilikosa nini? Koili yangu ya zamani, iliyokuja na gari kutoka Japani, walibaki nayo. Nilipoirudia wakasema imetupwa.

Wa tatu ndiye aliyeniumiza zaidi. Huyo alisema kabureta ni chafu. Akaifungua pale chini juu ya gunia, akaigeuza juu chini, akaigongagonga kwa mpini wa bisibisi, akaisukutua kwa petroli ndani ya kopo la rangi. Halafu akatoa biti nyembamba ya drili, anataka kupanua jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli. "Ipate mafuta mengi bosi, huku ni baridi." Nilimshika mkono. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa gari liliposhuka melini, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa pwani, ikifika huku tayari inatoa petroli nyingi kwa hewa chache. Ukipanua jeti utaambulia moshi mweusi na plagi zilizojaa masizi, na jeti ikishatobolewa haiwezi kurudi ilivyokuwa. Kama nisingekuwepo angeitoboa, na nisingejua mpaka leo. Alinuna, akafunga, akachukua laki na ishirini yake. Kuanzia siku hiyo gari likawa bovu zaidi: asubuhi haliwaki, na hata njiani ukikanyaga mafuta linasita kwanza kama linataka kuzima, ndipo linavuta.

Jumlisheni wenyewe. Laki sita kamili, na bado tunasukuma.

Usiku nikampigia mjomba wangu kule Busia, ameendesha Peugeot 504 miaka mingi. Baada ya salamu aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, asubuhi kabla hujagusa ufunguo, umewahi kufungua filta ya hewa ukachungulia ndani ya kabureta?" Sijawahi, mjomba. Na hao watatu hawajawahi.

Asubuhi nikafungua filta, tochi ya simu mkononi, mwanangu mkubwa yuko ndani anavuta choki mpaka mwisho. Kile kibati cha juu, ambacho kinatakiwa kuziba koo lote la kabureta, kilifika nusu kikasimama. Nusu! Nikafuata waya. Ubavuni mwa kabureta kuna kiskrubu kinachoubana. Kimelegea, waya unateleza ndani yake. Kitufe cha kwenye dashibodi kinavutika chote, kibati hakiendi popote. Na injini ya baridi lazima ipewe mchanganyiko mzito, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma kilicholala nje usiku kucha. Nyingi inabaki majimaji kwenye kuta za manifoldi, lile bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda. Choki isipozuia hewa, kinachofika kwenye silinda ni hewa yenye petroli kidogo mno, haishiki moto hata ufunge plagi za dhahabu. Nikavuta waya, nikakaza. Bisibisi moja, nusu dakika. Likawaka stata ya pili.

Bado kulikuwa na kule kusita. Nikazima, nikausukuma mkono wa akselereta kwa kidole huku nachungulia. Pale pale unatakiwa uruke mchirizi mwembamba wa petroli kooni. Pakavu. Nikarudia mara tano, pakavu. Nikafungua kifuniko cha kabureta nikamtumia mjomba picha, akaniambia nitazame njia ya ile pampu ndogo ya akselereta. Mle hukaa gololi ya chuma, ndogo kama punje ya mtama, inayozuia petroli isirudi kwenye bakuli la petroli la kabureta pampu inapokandamiza. Kishimo chake kiko, gololi haipo. Ilidondoka kwenye lile gunia alipokuwa anaigonga kabureta yangu juu chini, naye akafunga bila kutazama. Nilimpelekea kabureta nzima akanirudishia pungufu, kwa pesa yangu.

Hiki ndicho kinachonichoma. Hawa wanafunga spea mpya mpaka wabahatishe, na kila kubahatisha analipa mwenye gari. Kulegea kwa skrubu si kosa la mtu. Kosa ni kushindwa kutoa kifuniko cha filta, kazi ya nati moja ya masikio, halafu kunitamkia betri kwa sauti ya daktari.

Kwa mwenye shida kama yangu: chungulia kwanza, injini ikiwa baridi. Choki ikiziba yote na mchirizi ukiruka, ndipo uhamie kwenye moto wa plagi. Toa plagi, ilaze kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Cheche iwe ya buluu yenye mlio, si ya njano iliyofifia. Ikiwa dhaifu, fungua kifuniko cha distributa (inayogawa umeme kwa kila plagi) utazame pointi, vile vibati vinavyokata na kuunga umeme wa koili, kabla hujakubali kununua koili: zikiwa zimeungua na kuota kinundu, shuku kondensa, kile kikopo kidogo kinachozikinga pointi zisiungue. Na kama linashika wakati unazungusha stata, halafu linakufa ukiachia tu ufunguo, angalia rezista ya koili, inayopunguza umeme unaoingia humo, kwa sababu kwenye magari mengi ya zamani stata huipita hiyo rezista na kuipa koili umeme wa moja kwa moja. Linalosumbua likiwa moto ni kesi nyingine, petroli huwa inachemka bakulini baada ya kuzima, msilichanganye na langu.

Jumatatu narudi kwa yule wa tatu na kabureta mkononi. Nataka gololi yangu na laki moja na ishirini yangu, na gereji ya geti nataka koili yangu. Aliye na kabureta mbovu ya 4K, awe Mbarara au soko la spea la Kisekka kule Kampala, aniandikie hapa bei ya hiyo gololi na kispringi chake. Nalipa leo hii.