Marumaru za poselini: ziloekwe au zisiloekwe?

Mama wa Raskazone: Wakubwa shikamooni. Namalizia nyumba hapa Tanga. Nimenunua poselini nyeupe zinazong'aa, fundi anataka kuziloweka kisha abandike kwa saruji tupu. Ni sawa?

Fundi Ngamiani: Marahaba mama. Msimamishe kwanza. Kuloweka ni kwa zile za kawaida za ukutani, zinazonywa maji. Poselini hunywa maji 0.5% ya uzito wake au chini ya hapo, kwa hiyo saruji tupu haishiki vizuri. Nunua gundi yake ya mfuko. Afute ule unga mweupe mgongoni, apake kwa mwiko wa meno, halafu abandue moja ikiwa bado mbichi uone: nyuma pawe pamejaa gundi, siyo madonge matano. Madonge yanaacha uwazi, ukigonga inalia ko-ko, na siku mguu wa kabati ukikaa hapo inapasuka. Inaniuma sana kuona hela ya mtu inapotea hivyo.

Binti Chumbageni: Zinazong'aa usiweke bafuni mama, zikilowa zinateleza, hasa kama una wazee. Chukua zenye uso wa kukwaruza. Na namba ya rangi ifanane kwenye maboksi yote.

Mama wa Raskazone: Asanteni. Na ukutani je?

Fundi Ngamiani: Ukutani za kawaida zinatosha, hakuna anayekanyaga. Poselini ni nzito, na kutoboa tundu la bomba kunataka biti ya almasi. Ongeza 10% ya kukatia, usije ukakosa rangi ileile baadaye.