Ushauri: siku 9 Korea Kusini, kasri za Seoul au wanawake wazamiaji wa Jeju?

Mwanapaje:
Asalaam aleikum wanajukwaa. Nimedunduliza miaka minne, na inshallah mwakani mwezi wa kumi nitakuwa Korea Kusini kwa siku 9. Matamanio ni mengi kuliko siku, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Kama wengi, nilianzia kwenye tamthilia za Kikorea. Natamani kuvaa hanbok, vazi lao la jadi, kuingia kasri ya Gyeongbokgung, kulala kwenye nyumba ya zamani yenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, kufika miji ya Gyeongju na Busan. Ila kuna moja limenikaa rohoni. Mama yangu analima mwani Paje tangu miaka ya tisini. Bamvua likifika yuko baharini, kainama, anafunga kamba kwenye vigingi. Siku moja nilimwonyesha kwenye simu wale haenyeo wa kisiwa cha Jeju, wanawake wanaozamia bila mtungi wa hewa, wengine wamevuka miaka 70, wanaibuka na pweza na konokono wa bahari. Alitazama kimya, kisha akauliza: "Na wao mgongo huwauma?"

Nataka nimletee jibu. Je, Jeju inafaa kupewa siku ngapi, na nikate nini?

Kijana_wa_Ngamiani:
Dada, kata Busan. Ni mji mzuri, lakini siku 9 ukitoa za ndege zinabaki 7, utamaliza likizo ukiburuta begi stesheni.

Mdau_Daejeon:
Nilisoma huko, ngoja nikupe ya Seoul. Gyeongbokgung ilijengwa 1395, ndiyo kasri kuu ya ufalme wa Joseon. Ukivaa hanbok unaingia bure, na za kukodi zimejaa mitaa ya jirani. Jumanne hufungwa, panga vizuri. Mimi lakini moyo wangu uko kasri nyingine, Changdeokgung. Nyuma yake kuna bustani ya wafalme yenye mabwawa na miti mikubwa. Wageni huingia kwa idadi maalumu, kwa hiyo kata tiketi mapema. Hiyo hufungwa Jumatatu. Oktoba ikielekea mwisho majani yanageuka mekundu, utasimama tu utazame.

Bukchon, mtaa wa nyumba za zamani, wanaishi watu. Kuna sehemu wageni hawaruhusiwi kabla ya saa 4 asubuhi wala baada ya saa 11 jioni. Tembea taratibu, usipige kelele milangoni mwa wenyewe.

MamaSalma:
Mwanangu, kama unaweza sogeza safari hadi mwisho wa Novemba. Ndipo familia hukusanyika kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa yenye pilipili, ya kula msimu wote wa baridi. Wanaiita kimjang, na UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2013. Hapo ndipo utaujua utamaduni wao, jikoni, si kwenye kasri.

Mdau_Daejeon:
Shikamoo mama. Kimjang nakubaliana nawe, nimeshaipaka pilipili mpaka mikono ikawaka. Ila kwa Jeju Novemba upepo unauma. Wenyewe husema kisiwa chao kina vitu vitatu tele: mawe, upepo na wanawake. Abaki na Oktoba.

Pwani_Mashariki:
Mwanapaje, mimi nimefika Jeju. Toa siku 3 kamili. Ndege kutoka Gimpo, uwanja wa ndege wa Seoul, ni kama saa moja hivi. Siku ya kwanza nenda makumbusho ya haenyeo, Hado, mashariki ya kisiwa. Utaona maboya yao, vyavu vyao, na habari za walivyoandamana 1932 kuupinga unyonyaji wa Wajapani. Siku ya pili nenda Seongsan, chini ya ule mlima wa volkano uliokaa ukingoni mwa bahari. Huko haenyeo huwaonyesha wageni kazi yao, bahari ikiwa tulivu.

Lakini hiyo ni ya wageni. Kuzamia kwenyewe hufuata mwezi na maji, kama mama yako na bamvua lake. Kwa hiyo siku ya tatu iache wazi, kaa kijiji cha pwani, uliza wenyeji. Utawasikia kabla ya kuwaona: wakiibuka hutoa pumzi kwa mluzi mrefu, sumbisori. Usiwapige picha bila kuomba.

Chakula: Jeju inasifika kwa nguruwe weusi. Neno la kulikwepa ni "dwaeji". Samaki wapo tele. Ukiwa Seoul, msikiti mkuu uko Itaewon, na mikahawa ya halali iko mtaa huohuo.

Kijana_wa_Ngamiani:
Na viza uishughulikie miezi kabla, usisubiri tiketi.

Mwanapaje:
Ahsanteni, nimesoma kila neno. Busan nimeifuta, na Gyeongju pia, ingawa makaburi ya wafalme wa kale wa Silla yataniuma. Seoul 4, Jeju 3. @Pwani_Mashariki, nikimkuta haenyeo mzee namwitaje? Na lile swali la mama nalisemaje?

Pwani_Mashariki:
Mwite "samchun". Ndivyo Jeju wanavyowaita wakubwa, mke kwa mume. Kisha useme: "Heoriga apeuseyo?" Mgongo unakuuma? Atacheka, kisha atakusimulia mpaka maji yajae.

Mwanapaje:
Nimemsomea mama. Amefungua sanduku, anachagua doti ya kanga ya kumpelekea huyo samchun. Yuko kwenye ya tatu sasa, anasoma majina.