Wazazi mliowahi kuteleza na watoto kwenye theluji, tupeane uzoefu

Mama wa Lanet (Nakuru)
Wazazi wenzangu, hamjambo? Tuliishi Oslo, Norwei, miaka sita, mume wangu akiwa masomoni. Wanangu wawili walijua skii, vile vibao virefu vya kuvaa miguuni na kuteleza juu ya theluji, kabla ya kujua baiskeli, nami nilijifunza pamoja nao. Kila Jumamosi ya majira ya baridi tulipanda treni ya mjini, njia namba 1, hadi kituo cha mwisho, Frognerseteren. Skii tulibeba mikononi kama abiria wengine. Ukishuka uko msituni, mita 469 juu ya usawa wa bahari, na mashine imeshachora mifereji miwili kwenye theluji. Unaingiza skii humo, unasukuma.

Kitinda mimba alianza na miaka mitatu, bila fimbo za kujisukumia. Mtoto akipewa fimbo mapema huziegemea, miguu haijifunzi kazi yake. Alifundishwa kwanza kuanguka kwa ubavu na kuinuka mwenyewe, halafu kupunguza mwendo kwa kukutanisha ncha za mbele za skii na kutanua visigino, umbo la kipande cha piza. Ndani tulivaa sufu, kamwe si pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho haikauki na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mfukoni machungwa, begani chupa ya chai.

Desemba jua la huko huzama saa tisa na kitu alasiri, lakini njia nyingi zina taa. Bado namwona mwanangu mbele yangu, kivuli chake kikirefuka na kufupika kila tulipopita mlingoti wa taa, na hakuna sauti ila skii zetu. Sijawahi kuwa karibu na watoto wangu kama nilivyokuwa usiku ule.

Tumerudi mwaka wa pili sasa. Baridi ya Julai ikishika Nakuru, mkubwa ananiuliza, "Mama, tunaenda lini?" Skii zao ziko juu ya kabati. Nyinyi mliorudi mlifanyaje? Na ambao hamkuwahi kuona theluji, baridi yenu na watoto huwa vipi?

Baba wa Milimani (Kisumu)
Dada, pole, nakuelewa kabisa. Mimi nilikuwa Minnesota, Marekani, na binti yangu alipenda ile ya kushuka mlima. Siku ya kwanza kwenye kiti cha kamba kinachopandisha watu juu alinishika mkono hadi vidole vikafa ganzi. Kufika mwezi wa pili ananisubiri chini.

Hapa Kisumu nilimnunulia viatu vya magurudumu. Wateleza skii wenyewe, theluji ikiisha, hufanya mazoezi kwa skii fupi zenye magurudumu juu ya lami, kwa hiyo si mchezo wa kujiliwaza tu. Jumapili asubuhi, kabla magari hayajajaa, tunatoka wote. Kofia ngumu na kinga za magoti ni lazima, hapo sibembelezwi.

Chep wa Eldoret
Msisahau skii ina mtu wetu hapa. Philip Boit, mzaliwa wa Eldoret, alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati akaenda kujifunza Finland, na mwaka 1998 huko Nagano akawa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Kilomita 10. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi. Na mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alibaki akimngoja kwenye mstari, akamkumbatia. Boit alirudi nyumbani akampa mwanawe jina la Dæhlie. Baba yangu alitusimulia mara nyingi sana, na kila mara alipofika kwenye jina la mtoto sauti ilimbadilika.

Nyanya wa Mbale (Vihiga)
Wanangu, theluji sijaiona. Lakini vilima vya Maragoli, mvua ya Aprili ikishalainisha udongo, tulishuka kwa ganda la mgomba. Unachagua pana, lenye utelezi upande wa ndani, mkubwa anakaa nyuma anamshika mdogo kiunoni. Mama alikuwa akitugombeza kwa ajili ya nguo. Siku moja akashuka na jembe kutoka shambani, akatutazama kitambo, akaliweka jembe chini, akasema, "Nipisheni." Alinikalisha mbele yake. Nina miaka sabini na mmoja na mikono yake ile naisikia tumboni hadi leo.

Wa Kericho
Kwetu ni mvua ya mawe. Ikifunika majani chai, nyeupe kote, baba alitutoa nje na sufuria tukusanye kabla haijayeyuka.

Mama wa Lanet (Nakuru)
Nyanya, shikamoo. Nimewasomea watoto habari ya jembe, wamenitaka nirudie. Chep, mwanangu aliulizwa na mwalimu wake wa huko kama anamjua Boit, nikamwona amesimama wima kwa fahari.

Jumamosi hii tunapanda mlima Menengai saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kungali na ukungu. Sufu ndani, machungwa mfukoni. Baba wa Milimani, viatu vya magurudumu vya mtoto wa miaka tisa nitavipata kwa bei gani, na je, ninunue vinavyoongezeka ukubwa?