Naombeni ushauri: babu wa baba yake mama mkwe alitoka Ireland 1851, tuanzie wapi?

Mkwe wa Lowell
Wakuu, habari za saa hizi. Mimi mtu wa Tanga, nipo Lowell, Massachusetts, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Mke wangu ni wa huku huku. Mama mkwe ana miaka 74 na hataki kufa kabla hajakanyaga kijiji alikotoka babu wa baba yake, Patrick wa ukoo wa Murphy, aliyekuja kwa meli kama 1851, enzi za ile njaa kubwa ya Ireland, viazi vilipoharibika. Nikamwahidi kumtafutia. Domo langu hili!

Nilichonacho ni cheti cha kifo tu. Wazazi: hawajulikani. Alikozaliwa: "Ireland", basi. Ni sawa na kumuuliza mtu kwao wapi akakujibu "bara". Nimelipia tovuti ya kutafuta mababu miezi mitatu, akina Patrick Murphy wananitokea kama kumbikumbi. Sensa za Ireland za 1841 na 1851 ndiyo sizioni kabisa. Nakosea wapi?

Kibogoyo
Mkuu, babu wa baba yako wewe unamjua jina? Nauliza tu.

Mkwe wa Lowell
Jina namjua, alikozikwa ndiyo mtihani. Turudi kwenye mada.

Mzee wa Masijala
Hukosei, hazipo. Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza, ofisi ya kumbukumbu pale Four Courts, majengo ya mahakama Dublin, ikalipuka na kuungua. Sensa za 1821 hadi 1851 vikabaki vipande. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa kama karatasi chakavu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nzima ya kwanza ni ya 1901, na wakati huo Patrick wako ameondoka Ireland miaka hamsini iliyopita.

Vizazi vya watu wote vilianza kuandikishwa 1864. Kwa hiyo kabla ya hapo mtafute kanisani, au mtafute baba yake kwenye Griffith's Valuation, makadirio ya kodi ya 1847 hadi 1864 yanayotaja nani kashika kiwanja gani. Madaftari ya Kikatoliki yapo bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland tangu 2015, picha za kurasa zenyewe. Shida ni moja: bila jina la parokia utapekua mpaka uzeeke. Na hilo jina halipo Ireland, lipo huko huko ulipo. Muache Patrick kwanza, tafuta ndugu zake.

Nyambura wa Dublin
Mzee amesema kweli. Watu wa hapa walihama kwa kuvutana: mmoja anatangulia, anatuma nauli, mdogo wake anafuata. Orodha za meli za miaka hiyo mara nyingi zimeandika "Ireland" tu, usimalize pesa huko. Angalia mawe ya makaburi, na gazeti la Boston Pilot, ambalo kuanzia 1831 lilichapa matangazo ya watu waliopotezana na ndugu, mengine yanataja mpaka parokia.

Na kifungua mimba wake aliitwa nani? Waairishi wa zamani walikuwa kama sisi Wakikuyu: kijana wa kwanza anaitwa babake mume, wa pili babake mke. Kwa wasichana ndiyo tunapishana, wao wanaanza na mamake mke. Si wote walifuata, lakini inasaidia.

Mkwe wa Lowell
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Kifungua mimba ni Cornelius. Kwenye sensa ya huku ya 1860 nikaona Bridget Murphy kwenye nyumba ya Patrick. Cheti chake cha ndoa kinataja wazazi: Cornelius na Mary. Nikapiga yowe!

Jumamosi tukaenda makaburini, mama mkwe kabeba ndoo na brashi laini. Patrick hana jiwe. La Bridget lipo, limeota kuvu. Mama akawa anamwagia maji na kusugua taratibu, herufi moja moja, mpaka ikasomeka: mzaliwa wa Parokia ya Kilmichael, Cork. Alikaa chini kwenye majani, hakusema kitu.

Sasa nimefungua daftari la ubatizo, Kilatini kitupu. Nina "Patritius" wawili, mmoja kazaliwa mwaka mmoja baada ya mwenzake, na wote baba ni Cornelius, mama Maria!

Mzee wa Masijala
Hiyo ndiyo Cork, majina yanajirudia. Angalia ukoo wa mama, padri kwa kawaida aliandika ule wa kuzaliwa. Kisha mtafute Brigida kurasa za mbele, uone kazaliwa na Maria yupi.

Mkwe wa Lowell
Yupo!! Miaka mitatu mbele, kwa Maria wa pili. Na pembeni kuna jina la kitongoji, mwandiko kama kuku kaparura. Dada Nyambura, nakutumia picha unisaidie kusoma. Mimi nampigia mama mkwe. Ni saa tano usiku, atanisamehe.