Mrejesho: chewa wanaoelea baada ya kuachiwa

Wakuu, ni mimi wa Moshi niliyeuliza kuhusu chewa wadogo ninaowavua Tanga kwa kayaki: nikiwaachia wanaelea, macho yamewatoka, mdomoni kitu kama puto.

Kumbe lile puto ni tumbo, limesukumwa na hewa iliyotanuka kwenye kibofu cha kuelea samaki anapopandishwa toka kilindini. Halitobolewi! Nimetengeneza ndoano ya kumshushia samaki chini: kamba nimeifunga kwenye mpindo wa ndoano, chubwi (kizito cha kuzamisha) kwenye tundu lake, kijino cha kuzuia isichomoke nimekibana kwa koleo. Inapita mdomo wa chini, samaki anazama, navuta ghafla, inachomoka. Akifika kina cha mita 10 tu, hewa imeshabanwa na maji ikabaki nusu ya ukubwa wake.

Tabu ni mkondo. Kasia lifungwe kamba kwanza lisichukuliwe na maji. Kwa chewa mkubwa chubwi ya kilo haitoshi. Nzito zaidi zinauzwa wapi Moshi au Arusha?