Mjadala: Fedha za hisani za Kilimanjaro ziende kwenye jukwaa la ngoma au kwenye banio la mfongo?

MLETA MADA (Old Moshi)

Ndugu zangu, naomba tujadili suala ambalo sisi wenyeji wa mlimani hulizungumza kwa sauti ya chini kwenye misiba na vikao vya ukoo vya Desemba, lakini hatulisemi hadharani kwa kuwa linawagusa watu wanaotusaidia. Kuanzia Machame hadi Rombo yapo mashirika ya hisani makubwa na madogo, na baadhi yake yalianzishwa na wageni waliopanda Kilimanjaro, wakashuka na mapenzi ya kweli kwa watu waliowabebea mizigo na kuwapikia, kisha wakaenda kwao kuchangisha fedha. Mengi hujieleza kwa malengo mawili: kuinua maisha ya jamii za mlimani na kuhifadhi utamaduni wao. Kwenye lengo la kwanza sina ugomvi mkubwa, maana zahanati ni zahanati na dawati ni dawati. Ninalotaka tulijadili ni la pili.

Kwa ninavyoona, fedha inayotolewa kwa jina la utamaduni wa Wachaga huishia kwenye yale yanayoweza kuonyeshwa kwa mgeni katika muda wa saa mbili: kikundi cha ngoma kilichoshonewa sare, nyumba ya msonge iliyojengwa upya ili ipigwe picha, kahawa inayotwangwa kwenye kinu huku watu wakiimba, na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mwishoni. Sina chuki na mambo hayo, na mbege naipenda. Lakini utamaduni uliowawezesha watu wengi kiasi hiki kuishi kwenye mteremko huu vizazi kwa vizazi umo katika kazi isiyo na watazamaji, yaani kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na mfongo, na huko ndiko kunakobomoka.

Kwa asiyeujua, mfongo ni mfereji wa udongo unaochepusha maji ya mto huko juu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima, wakati mwingine kilometa kadhaa, hadi kwenye migomba na kahawa. Banio lake la asili, yaani kizuizi cha mtoni kinachoyaingiza maji mferejini, ni mawe, matawi, magogo ya migomba na udongo. Mvua kubwa ikija inalisomba, na watu wanapanda kulijenga tena. Mfongo una ukoo uliouchimba, una mzee anayeusimamia, una zamu za maji ambazo kila mwenye shamba anazijua, na una siku ya kuuzibua ambayo kila kaya hutoa mtu mwenye jembe. Asiyetokea hutozwa faini, ambayo zamani ilikuwa mbege au mbuzi, na akikaidi zamu yake inarukwa. Humo ndimo mtoto alimojifunzia Kichaga cha wakubwa, akaujua mpaka wa jirani kwa mstari wa masale, na akajua kwamba jani la mmea huohuo ndilo linalobebwa mtu anapomwendea aliyemkosea kuomba msamaha. Ukiiondoa kazi, desturi hizo hazina pa kushikia.

Kwa mila zetu, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio waliokuwa na uhakika wa ardhi ya mlimani, wa mwisho akirithi nyumba ya wazazi, na wa katikati wakishuka tambarare au kwenda mjini. Leo hata kipande cha huyo wa mwisho hakimlishi, kahawa haisomeshi watoto kama zamani, na siku ya kuzibua mfongo wanaotokea ni wazee. Juu ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji ya mto awe na kibali, na inaweka utaratibu wa watumiaji kuunda jumuiya zinazosajiliwa. Mzee wa mfongo aliyeurithi wajibu wake kwa babu yake hana cheti, hana akaunti ya benki, na kwa sababu hiyo mfadhili hamwoni.

Shirika la hisani linapofika kwenye mfongo, mara nyingi huja na saruji. Katika kijiji kimoja ninachokifahamu, mfadhili alisakafia sehemu ya juu, akaunda kamati mpya yenye mwenyekiti, katibu na mhuri, na wazee wa mfongo wakakaa kwenye viti vya wageni waalikwa siku ya uzinduzi. Sakafu ilipopasuka hakupanda mtu na jembe. Wote walisubiri mradi urudi. Ni watu walewale waliokuwa wakijenga banio la magogo kila masika bila kuandikiwa barua na yeyote.

Sisemi kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia, na kazi iliyofuata huko iligusa mifereji, kahawa isiyotumia kemikali za viwandani na zao jipya la vanila, yaani kihamba kilishughulikiwa kama riziki ya mtu na si kama maonyesho. Tena tusisahau kwamba mlima huu haukuanza maendeleo kwa msaada. Chama cha wakulima wa kahawa kiliundwa mwaka 1925, kikazaa chama kikuu cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na fedha ya kahawa ya wakulima wenyewe ikagharamia masomo ya vijana wengi.

Pendekezo langu ni kwamba fedha ya hisani ifike baada ya wenyeji kuchanga na si kabla, tukiwemo sisi tunaopanda na magari kila Krismasi, na ipitie jumuiya ya watumia maji ambayo wazee wa mfongo ni wajumbe kamili. Ngoma na mbege tuachiwe wenyewe; tukishindwa kuvilinda kwa fedha zetu, basi fedha ya mgeni haitavilinda. Karibuni mnipinge.

MCHANGIAJI WA KWANZA (Marangu)

Mleta mada, heshima yako. Mimi ni mwongoza watalii, na ninaona umeitazama kazi yetu kutoka mbali. Utalii wa kitamaduni ulioanza kaskazini mwa Tanzania katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi na baadaye chini ya Bodi ya Utalii, uliweka utaratibu wa sehemu ya malipo ya mgeni kwenda kwenye maendeleo ya kijiji. Wahunzi wa kijiji cha Mamba, jirani zetu hapa Marangu, wanaendelea kufua chuma mpaka leo kwa sababu yupo mgeni anayenunua mkuki na kengele ya ng'ombe. Kama wangewategemea Wachaga wenzao, ambao hununua panga la kiwandani sokoni, mivukuto ingekuwa imeshatupwa siku nyingi. Je, ufundi huo nao ni maonyesho tu?

Halafu umewataja wapagazi kwa kupita tu. Kijana aliyenyimwa kihamba ndiye anayebeba mzigo mlimani, na kwa miaka mingi alibeba akiwa na viatu vya kuazima na malipo yasiyoeleweka. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanza mwaka 2003 kwa msukumo wa shirika la hisani la Marekani, unawaazima koti na viatu bila malipo na unafuatilia kampuni zinazowalipa stahiki zao na kuheshimu kikomo cha kilo 20 za mzigo wa mgeni. Haukuhubiri utamaduni hata siku moja, lakini kijana anayelipwa vizuri ndiye atakayemudu kumnunulia baba yake mbolea. Kwa maoni yangu, huo ndio msaada, na hayo ya wazee wa mfongo ni ndoto nzuri ya mtu anayeishi mjini.

MCHANGIAJI WA PILI (Same)

Nimesoma kwa makini, kaka yangu wa Old Moshi, na nina neno kama mwanamke wa Upareni. Kwetu maji ya mfereji hukusanywa usiku katika ndiva, ambalo ni bwawa dogo la udongo, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Ndiva nyingi zilikarabatiwa kwa ufadhili, hasa kupitia mpango wa kuendeleza umwagiliaji wa asili uliosaidiwa na hao hao Waholanzi, na ninakubali kwamba mfadhili aliyeanza na kilichokuwepo alidumu kuliko aliyeanza na mchoro wake.

Lakini wewe unawaongelea wazee wa mfongo kana kwamba ni malaika. Kwa desturi, mfereji ulikuwa wa wanaume: walichimba wao, waligawa wao, na walitozana faini wao kwa wao, ilhali anayebeba majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare ni mama, na anayemwagilia mboga ni mama. Mjane alipata maji kwa huruma ya shemeji. Kamati yenye mhuri, kama hiyo unayoibeza, ndimo mimi ninamopigia kura leo. Ukirudisha fedha mikononi mwa ukoo, unarudisha na ubaguzi huo, usijidanganye.

MCHANGIAJI WA TATU (Mabogini)

Mlima hauishii kwenye migomba. Sisi wa tambarare tulipata mradi wa mpunga wa Lower Moshi, uliojengwa kwa ushirikiano na Japani ukakamilika mwaka 1987, na baada ya muda wenzetu wa juu ya mabanio walipoona mpunga unalipa nao wakalima, maji yakatupungukia. Kila mfadhili anayeongeza maji kwenye mfongo mmoja anayapunguza kwa mtu ambaye hakualikwa kwenye kikao. Hesabu hizo zinapaswa kufanywa kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na si kwenye ukoo wala kwenye shirika la hisani.

MLETA MADA

Nawashukuru. Kwa ndugu wa Mabogini sina la kupinga isipokuwa moja: bodi haiwezi kukaa na kila mfongo, na penye jumuiya iliyo hai ndipo bodi inapopata mtu wa kuzungumza naye. Kwa mwongoza watalii, mhunzi wa Mamba nampokea kwa mikono miwili, kwa sababu anauza chuma. Ugomvi wangu ni na fedha inayomlipa mtu aonekane Mchaga.

Tutazame na milima mingine. Edmund Hillary, mpanda milima wa New Zealand aliyefika kilele cha Everest, alipowauliza Washerpa, wenyeji wa Khumbu kule Nepali, wanahitaji nini, walimwomba shule, nayo ikafunguliwa Khumjung mwaka 1961, hakuwachagulia. Monasteri ya Kibudha ya Tengboche, huko huko Khumbu, ilipoungua mwaka 1989 kwa hitilafu ya umeme, ambao ulikuwa umefika hapo muda mfupi tu kabla, ilijengwa upya kwa michango ya wenyeji na ya marafiki wa nje, shirika la Hillary likiwemo, na watawa wakarudi kwenye ibada ileile. Fedha ile ilikuta watu wanaoihitaji nyumba hiyo kila alfajiri, aje mgeni au asije. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka Kilimanjaro: kama mgeni asingekuja mwaka mzima, je, jambo hili lingefanyika?

Dada yangu wa Same, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa. Naomba utueleze: wanawake waliingiaje kwenye ndiva yenu? Mfadhili aliweka sharti, au wazee walikubali wenyewe?

MCHANGIAJI WA PILI (Same)

Si hivi wala vile. Wanaume wengi walikuwa Arusha na kwenye migodi ya Mererani, na siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, tuliokuwa tunatokea na majembe ni sisi. Katibu aliandika majina kwenye daftari kama kawaida. Ulipofika wakati wa kutoza faini, majina ya wanaume ndiyo yaliyokuwa na madeni na yetu hayakuwa nayo, na mwenye deni kwa sheria yao wenyewe hana sauti juu ya zamu. Wazee walibishana vikao viwili, wakashindwa kuivunja sheria yao. Mfadhili alikuja baadaye, akakuta wanawake tayari wamo, akatoa saruji ya ukuta wa ndiva.

Kwa hiyo kwenye mpangilio wako wa kuchanga kwanza nakuunga mkono. Kwenye ukoo bado sikubaliani nawe, na hiyo jumuiya unayoitaka, katiba yake iandike kwamba kura ni ya anayefanya kazi kwenye mfereji, awe ameolewa, mjane au hajaolewa, kabla ya shilingi ya kwanza kuingia.