Keris ya Bali yenye ala ya Kijava?

Wakuu, nina ubapa wa keris (jambia la Indonesia) ya Bali, mrefu na laini, lakini ala (kifuko cha mbao cha ubapa) ni ya Kijava na mpini unachezacheza. Nivalishe nini?

— Hiyo ala itoe. Keris za Bali kwa kawaida ni kubwa kuliko za Java, hivyo ubapa hukwama mdomoni na kupasua mbao. Tafuta ala ya Bali, umbo la sesrengatan au kojongan. Mbao ya pelet yenye madoa meusi ndiyo inayosifiwa. Mpini: togogan (sanamu) au kocet-kocetan (mdudu). Chini yake iwepo pete, wewer.

— Gundi usiguse! Zungushia kitambaa chembamba kwenye mkia wa chuma (ncha ya ubapa inayoingia ndani ya mpini), kisha ingiza mpini taratibu huku ukizungusha. Ukilegea, ongeza mzunguko mmoja. Ukilazimisha kitambaa kinene, mpini unapasuka. Gundi nayo itakufanya uvunje mkia siku ya kuutoa.

— Nyongeza: usiukwangue ubapa kwa asidi ili uparuze kama wa Java. Wabali hung'arisha. Ulaini huo ndio wenyewe.